Masika na duka lako Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mvua kubwa, upepo na mafuriko

Kila mwaka ikikaribia Machi simu yangu huanza kuita. Nimeuza vifaa vya ujenzi Ngamiani, hapa mjini Tanga, kwa miaka, na siku hizi nawatunzia hesabu wenye maduka wachache, kwa hiyo maswali yananijia kwa njia mbili: ya misumari na turubai, na ya madaftari na bima. Hapa nimeyaweka yale yanayorudi zaidi. Mengine yana majibu marefu, mengine sentensi mbili zinayatosha.

Hivi Tanga kuna kimbunga kweli? Wazee wetu mbona hawakukiona?

Hawakukiona kwa sababu ya mahali tulipo. Kimbunga kinataka bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 hivi za Sentigredi, halafu kinataka msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia ili upepo uanze kujisokota. Karibu na Ikweta msukumo huo ni hafifu, na Tanga iko takriban nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta. Ndiyo maana vingi tunavisikia vikienda Madagaska na Msumbiji.

Ila pwani yetu si kwamba haivijui. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu, na Bagamoyo ng'ambo ya pili nayo ikaumia. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Aprili 2021 Jobo kilisogea kikafifia kabla ya kutua. Mei 4, 2024 Hidaya kikaingia Mafia kikiwa kimeanza kuchoka. Tazama miezi hiyo: Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Vyote vilikuja katikati ya masika, ardhi ikiwa imeshashiba maji.

Kinachofunga maduka ya Tanga kila mwaka, hata hivyo, hakina jina wala hakitangazwi dunia nzima. Ni mvua inayonyesha kwa muda wa saa tatu, mtaro ulioziba, bati lililong'oka upande mmoja na umeme uliokatika usiku. Jiandae kwa hayo manne. Kimbunga kikija kitakukuta umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

TMA wakisema "mvua kubwa", ni kubwa kiasi gani?

Kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, mvua kubwa ni inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Ukisikia "milimita 50" redioni haishtui mtu. Basi ipigie hesabu. Paa la mita 10 kwa 10 likinyeshewa milimita 50 linamwaga lita 5,000. Ni kama simtank zima la lita 5,000 limepasuka mlangoni kwako. Na hapo ni paa lako peke yake. Jirani ana lake, wa nyuma ana lake, na wote mnamwaga kwenye mtaro mmoja ambao upana wake haupiti ndoo.

Upande wa bahari, maneno utakayoyasikia sana ni upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Nahodha wa mashua ya kwenda Pemba akisikia hivyo anajua chombo hakitoki. Wewe mwenye duka mjini nawe ujue: mzigo unaousubiri kutoka huko hauji, na mteja wako wa huko haji kununua.

Tahadhari zao zina rangi. Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mimi nimejiwekea hivi: njano, nasafisha mtaro na kupandisha mizigo ya chini; chungwa, naondoa dukani fedha, madaftari na vitu vya umeme; nyekundu, nafunga nakwenda nyumbani hata kama ni saa nne asubuhi. Zile sauti za WhatsApp zinazoanza na "jamani nimepewa habari na mtu wa ndani kabisa" sizisikilizi hadi mwisho. TMA wana utabiri wa siku tano wa hali mbaya ya hewa, unapatikana bure.

Duka langu halijawahi kuingia maji miaka yote. Kwa nini sasa yanaingia?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na mara nyingi muulizaji anataka nimwambie ni mvua tu zimezidi. Huenda zimezidi. Lakini kabla hujailaumu mbingu, toka nje utazame vitu vitatu.

Cha kwanza ni ujirani. Palipokuwa na uwanja wa mchanga ambao maji yalizama yenyewe, sasa pana paving au nyumba. Maji yaliyokuwa yakinywewa na ardhi yanatafuta pa kwenda, na Ngamiani, tambarare ilivyo, pa kwenda ni kizingiti cha mlango ulio chini kuliko mingine.

Cha pili ni mtaro. Siku moja kabla ya masika tulifukua mita chache tu mbele ya maduka matano. Tulitoa maganda ya madafu, makopo, mifuko, ndala moja moja zisizo na wenzake, na tairi la bajaji. Tairi! Mtaro ulikuwa na kina cha goti, tukaukuta unabaki kiganja. Mkitaka kufukua msifukue mbele ya maduka yenu tu mkaacha kalvati la mwisho wa barabara, maana mtakuwa mmewarahisishia maji njia ya kuja kusimama hapo hapo. Na msirundike tope pembeni ya mtaro. Mvua ya kwanza inalirudisha ndani.

Cha tatu wengi wa mjini hawakifikirii: bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari hujaa zaidi kuliko siku nyingine, na tofauti ya maji kupwa na maji kujaa huku kwetu hupita mita tatu. Kwa maeneo ya chini yaliyo karibu na bahari au kwenye hori, mitaro inamwaga baharini. Bahari ikijaa hadi kwenye mdomo wa mtaro, maji ya mvua hayana pa kutokea. Yanasimama, kisha yanarudi nyuma. Ndiyo maana mvua ile ile inaweza kupita salama wiki ya maji mafu, bahari isipojaa sana, na kuingia dukani wiki ya bamvua. Muulize mvuvi yeyote wa Deep Sea, mwalo wetu wa samaki, atakwambia bamvua ni lini bila kutazama karatasi. Iandike kwenye kalenda ya dukani kwa miezi ya Aprili na Mei, na siku hizo usiache mzigo sakafuni usiku.

Na maji yakishawahi kuingia, weka alama ya rangi ukutani pale yalipofika. Kumbukumbu za watu hupunguza kina cha maji kila mwaka.

Mizigo niipange vipi?

Kila kitu kinachoharibika kikae juu ya ile alama ya rangi, na uongeze kiganja. Kama huna alama, anza na urefu wa goti. Chini viachwe visivyojali maji: mabomba ya plastiki, ndoo, vigae, masinki, kreti za soda.

Tatizo la wenye maduka ni kwamba tunapanga kwa ajili ya macho ya mteja. Nguo nzuri zinatandazwa chini mlangoni, unga wa kilo 25 unarundikwa sakafuni kwa sababu ni mzito kupandisha, na juu kabisa ya shelfu, mahali salama kuliko pote, tumeweka maboksi matupu. Nimeona duka la simu ambalo chaja za bei ndogo zilikuwa usawa wa kichwa na simu zenyewe kwenye kabati la kioo usawa wa magoti.

Saruji niiseme peke yake kwa sababu iliniumiza. Saruji haihitaji mafuriko ili ife, unyevu unaitosha. Kuna masika moja maji hayakuingia kabisa dukani kwangu, nikashukuru. Wiki mbili baadaye fundi akarudisha mfuko: "Bosi, hii umeniuzia jiwe." Nikaenda nyuma kuipiga ngumi mifuko ya safu ya chini; safu nzima ilikuwa imeganda. Niliipanga moja kwa moja juu ya sakafu na kuigemeza ukutani, na sakafu ilikuwa ikitoa jasho mvua zote. Tangu hapo saruji yangu iko juu ya chaga za mbao, nailoni chini ya chaga, nafasi ya mkono mmoja kutoka ukutani, na iliyoingia kwanza ndiyo inayotoka kwanza. Masika sijazi stoo ya saruji hata bei ikiwa inavutia.

Paa langu linavuja kidogo tu. Linaweza kusubiri kiangazi?

Kuvuja kunaweza kusubiri. Bati linalocheza haliwezi.

Watu wanadhani upepo unabomoa paa kwa kulisukuma. Unalinyanyua. Upepo mkali ukipita juu ya bati unalivuta juu, na ukiingia ndani kwa mlango au dirisha lililo wazi unalisukuma kutoka chini. Nguvu mbili zinakutana kwenye misumari. Huwa linaanza pembeni, kwenye ukingo na pembe, bati moja linaachia, upepo unapata pa kushika, na lililobaki linafuata kama karatasi ya daftari.

Kwa hiyo fundi akipanda, mwambie aanzie pembeni. Akague kama misumari imeshika papi, zile mbao zinazobeba bati, au imebaki kushika kutu. Huku pwani chumvi ya bahari inakula chuma haraka kuliko bara. Akague kama papi zimeshikwa vizuri na kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, na kama kenchi zenyewe zimefungwa ukutani kwa ukanda wa chuma au waya mnene, maana nyumba nyingi za zamani kenchi zimekaa tu juu ya ukuta kwa uzito wake. Ukingoni misumari iwe ya karibu karibu zaidi kuliko katikati. Skrubu zenye mpira ni ghali kuliko misumari ya kawaida, lakini kwa safu mbili za ukingoni peke yake gharama yake si ya kumtoa mtu jasho.

Mawe na matairi juu ya bati yaondoe. Najua kila mtaa unayo. Upepo wa kawaida yanasaidia, upepo wa kweli unayarusha kwa jirani. Bango la duka nalo likazwe au lishushwe, hasa lile la chuma lililotundikwa kwa waya mbili juu ya vichwa vya wapita njia.

Nimepanga fremu. Kazi yote hii si ya mwenye nyumba?

Soma mkataba. Wengi hawana mkataba, wana risiti ya kodi ya miezi sita na maelewano ya mdomo. Andika sasa, kabla ya mvua, nani anatengeneza paa, nani anazibua mtaro, na kodi inakuwaje duka likishindwa kufunguka. Kumbuka pia kwamba bima ya mwenye nyumba, kama anayo, ni ya jengo. Mzigo wako haumo.

Kitu gani kikipotea biashara hairudi?

Daftari la madeni.

Maji yalipoingia duka la mama yangu mdogo, tulikimbilia unga na sukari. Tukaokoa magunia sita, tukajiona mashujaa. Daftari lilikuwa kwenye droo ya chini kabisa ya meza. Jioni kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu tope tupu, akaniambia: "Mwanangu, unga ningeununua tena. Sasa nani ananidai, nani namdai?" Lilikuwa duka la mkopo kama maduka yote ya mtaani. Sehemu kubwa ya mtaji wake haikuwa dukani, ilikuwa nyumbani kwa watu, na ramani ya kuifikia ilikuwa uji wa karatasi.

Dawa yake haina gharama. Kila Jumamosi ukifunga, piga picha kurasa zote zilizoandikwa wiki hiyo, zitume kwenye barua pepe yako na kwa ndugu mmoja anayeishi mji mwingine. Mji mwingine nasema makusudi; mtu wa mtaa mmoja nawe atalowa siku moja nawe. Andika kwa kalamu ya kawaida ya bolpeni, ya wino mzito, kwa sababu ule unastahimili maji. Kalamu za wino wa maji zinaandika vizuri ila zikilowa zinabaki wingu la bluu. Risiti za EFD, mashine za risiti za kodi, nazo zipige picha siku ile ile, maana karatasi zake hufifia kwa joto hata bila mvua, na sheria ya kodi inataka kumbukumbu zikae miaka 5.

Mara mbili kwa mwaka, moja kabla ya masika na moja kabla ya vuli, washa video ya simu utembee dukani pole pole: shelfu, stoo, friza, mashine na namba zake, huku ukitaja bei kwa sauti. Dakika kumi. Video hiyo ndiyo shahidi wako mbele ya bima, benki na TRA, mamlaka ya mapato. Leseni, TIN (namba ya mlipakodi), mkataba wa fremu na hati ya bima navyo vipigwe picha, vyenyewe viwekwe kwenye mfuko wa nailoni unaofungika na unaoweza kuunyakua kwa mkono mmoja.

Mawakala wa fedha za simu, nyinyi mna la ziada: laini za floti zitembee na mwenyewe, zisilale dukani.

Bima ya mafuriko ipo? Na hulipa kweli?

Ipo, ila haiji yenyewe. Bima ya kawaida ya moto inahusu moto na radi. Dhoruba na mafuriko ni nyongeza ambayo lazima uiombe na uione imeandikwa kwenye hati yako. Usiridhike na "hiyo imo, usijali". Mwambie wakala, "Nionyeshe hapa neno mafuriko." Akianza kuzunguka, mwache.

Kulipa hulipa, kwa aliyekata sawasawa. Malalamiko mengi ninayoyaona yanatokana na kukata pungufu. Chukua mfano: una mzigo wa shilingi milioni 40, lakini ili ada iwe nyepesi umeandikisha milioni 20. Maji yanaharibu mzigo wa milioni 10. Wewe unasubiri milioni 10, kwa sababu iko ndani ya 20. Kampuni inasema uliandikisha nusu ya mali, basi nusu ya hasara ni yako. Inakupa milioni 5, na bado itatoa kile kiasi cha kwanza ambacho kila mwenye bima hubeba mwenyewe. Hapo ndipo watu hutoka wakisema wameibiwa. Hawakuibiwa, hawakuelezwa, na kwangu mimi kutomweleza mteja ni kosa karibu kubwa kama kumwibia.

Kuhusu ada, lipa yote na upate hati kabla mvua haijaanza. Bima hainunuliwi wingu likiwa juu ya paa. Hakiki hati yako kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ujue kama ni ya kweli. Maji yakiingia toa taarifa siku hiyo hiyo kwa simu, kisha kwa maandishi, na usitupe mzigo ulioharibika kabla mkaguzi hajauona. Unaonuka utoe nje, uupige picha, uuhesabu, lakini uwepo. Mkishindwana kabisa, TIRA wapo, na ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa kazi hiyo.

Nina mkopo benki na nilikatwa bima. Si inatosha?

Mara nyingi ile ni bima ya maisha yako: ukifa, deni linalipwa. Ukiwa hai na duka limelowa, deni lako liko pale pale. Omba benki nakala ya hati uisome.

Umeme na jenereta?

Duka likiwa na maji sakafuni usiguse swichi kuu ukiwa umesimama ndani ya maji, hata kama mtaa mzima uko giza. Umeme unarudi bila kubisha hodi. Kama unaweza kuifikia ukiwa pakavu, zima. Kama huwezi, piga simu TANESCO na kaa nje.

Soketi zipandishwe usawa wa kiuno unapokarabati. Friji na mashine zichomolewe umeme ukikatika, kwa sababu ukirudi huja kwa kishindo.

Jenereta ikae nje, mbali na mlango na madirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua mtu aliyelala kwenye chumba cha nyuma cha duka bila yeye kujua kuna tatizo. Usiichomeke kwenye soketi ya ukutani ili iwashe duka zima. Umeme wako unatoka hadi kwenye nguzo, na fundi aliyeko juu anadhani waya umekufa. Fundi akufungie swichi ya chenjiova, inayotenganisha umeme wa jenereta na wa TANESCO.

Nauza samaki na nyama. Friza hukaa saa ngapi bila umeme?

Lililojaa na halifunguliwi, kama saa 48. Lililojaa nusu, saa 24. Friji la kawaida, saa 4. Kwa hiyo kabla ya mvua jaza nafasi tupu kwa chupa za maji zigande, na weka kitambaa juu ya mfuniko kumzuia kila anayetaka "kuchungulia tu". Kilichoyeyuka kikapata joto kisigandishwe tena kuuzwa.

Maji yameshaingia. Naanza na nini?

Na miguu yako. Vaa viatu vya mpira. Maji ya mafuriko mjini yamepita kwenye vyoo vya shimo na mitaro, yana kila kitu, na kipindupindu hupenda nafasi hiyo. Ukiwa barabarani, maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 yanaweza kuelea na gari dogo. Mito ya Sigi na Mkulumuzi ikifurika upande wa Amboni, usivuke kwa sababu ya sanduku la fedha. Kuna mtu amenasa, ni 114, Zimamoto na Uokoaji, polisi 112.

Ukiruhusiwa kuingia, kwanza picha, pili picha, tatu kazi. Kisha toa maji, toa tope likiwa bado bichi, osha kwa sabuni halafu klorini, fungua milango upepo upite. Chakula chochote kilichoguswa na maji hayo kimekwisha, hata kama mfuko umekauka. Kopo lisilo na tundu wala kutu linaweza kuoshwa. Dawa za binadamu hazina mjadala: zilizolowa haziuzwi, na mwenye duka la dawa awasiliane na TMDA, mamlaka ya dawa, namna ya kuziteketeza. Nimesikia mtu akisema atazianika. Asianike.

Maji ya bomba msiyaamini siku hizo mpaka myachemshe. Chanzo kikuu cha jiji ni Bwawa la Mabayani kwenye Mto Sigi, na mvua kubwa milimani hulichafua. Jazeni simtank kabla.

TRA watanielewa?

Watakuelewa ukiwahi. Andika barua kabla hujatupa chochote, ambatanisha orodha na picha, omba ofisa aje ashuhudie, na upate uthibitisho wa serikali ya mtaa. Barua iliyoandikwa miezi minane baadaye, wakati wa kufunga hesabu, inasomeka kama kisingizio. Mashine ya EFD ikilowa toa taarifa pia. Usiuze kimya kimya bila risiti.

Wafanyakazi nao?

Mlinzi wa usiku ndiye tunayemsahau. Anaachwa peke yake na tochi, na akipiga simu saa nane usiku bosi hapokei. Mwambie wazi, mbele ya wenzake, kwamba maji yakifika kizingitini aondoke na hatakatwa mshahara. Akiumia kazini ana haki ya fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia. Kama hujamsajili, masika si wakati wa kugundua.

Barabara ikikatika, mzigo utatoka wapi?

Hili Tanga linatubana. Mzigo wa Dar na wa Arusha kwa kawaida yote miwili inapita njia panda ya Segera. Pakikatika kabla ya hapo upande mmoja, unabaki na mwingine; pakikatika kati ya Segera na mjini, unabaki zaidi na Horohoro, mpakani na Kenya, na bahari. Oktoba 2019 mvua zilikata barabara ya Handeni na Korogwe, na waliokuwa na msambazaji mmoja tu walisimama milango wazi, shelfu nyeupe. Uwe na wawili, wa njia tofauti, na mwishoni mwa Machi ongeza akiba ya wiki mbili ya vile vinavyotoka kila siku: unga, mafuta, sabuni, mishumaa, betri.

Kupandisha bei ya mishumaa usiku wa giza, ndugu yangu, wateja wa mtaani wanakumbuka miaka kumi.

Serikali italipa fidia ya mzigo?

Usiipigie hesabu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 ina kamati za maafa kuanzia ngazi za chini hadi taifa, na msaada wake hutazama uhai kwanza: chakula, malazi, matibabu. Lakini toa taarifa mtaani hata hivyo. Ile barua ya mtendaji utaihitaji kwa bima na kwa TRA.

Daftari lililolowa linaokoleka?

Mara nyingi ndiyo, usipokuwa na haraka. Usilifungue, usilianike juani, usilipige pasi. Kurasa zilizolowa zikivutwa zinachanika, zikikaukia pamoja zinakuwa tofali, na siku ya pili au ya tatu koga linaanza. Lisuuze kwa maji safi likiwa limefungwa, litie kwenye mfuko wa nailoni, uliweke kwenye friza. Baridi linasimamisha koga, nawe unapata muda. Baadaye litoe, litenganishe ukurasa mmoja mmoja, weka tishu kati ya kurasa, chini ya feni, kivulini.

La mama yangu mdogo lilikaa wiki tatu kwenye friza la jirani muuza aiskrimu, kati ya ukwaju na ubuyu. Aliliandika kwa bolpeni, kwa hiyo majina yalisomeka na hesabu zikasomeka. Kurasa nne tu ndizo zilizoshindikana. Wa kurasa zile mpaka leo hakuna aliyejitokeza kusema anadaiwa.